Ulanzi wa Lameki

Usangu, 9 Mei 1976. Miezi saba tangu niondoke Igowole.

Mjukuu wangu Neema,

Mimi mzima, mgongo tu umechoshwa na mpunga. Unauliza kwa nini upime mkojo kila asubuhi na hali huumwi popote.

Mdogo wangu Lameki alikuwa na ugonjwa wa sukari kama wewe. Mganga wa misheni alichemsha mkojo wake na dawa ya buluu, ukageuka mwekundu kama tofali. Akamwambia, "Acha pombe." Lameki akahamia ulanzi mbichi, yale maji matamu ya mwanzi ambayo hayajachacha kuwa pombe.

"Kaka, hii si pombe, ni maji ya mwanzi!"

Tukacheka. Mimi ndiye niliyemgemea. Hakuumwa popote, kwa hiyo hatukurudi kupima. Tulimzika ujana wake haujaisha.

Tumia vile vidonge vya kupimia mkojo, utazame rangi. Nitarudi Julai, mpunga ukishavunwa. Nataka nikukute.

Babu yako