Ndama wa Kwenye Tangi

Uholanzi, 2 Machi 2025

Mwangaluka, baba. Habari za Lalago? Mama hajambo? Mimi ni mzima, baridi tu ndiyo inanitesa.

Uliuliza nafanya kazi gani. Tunaotesha nyama, baba. Tunachukua kipande cha ng'ombe kama punje ya mchele, tunakilea kwenye tangi mpaka kinakuwa nyama ya kula. Ng'ombe mwenyewe hafi. Sasa mabosi wanataka ng'ombe wa Kisukuma, nikasema baba yangu anao. Mkataba wangu unaisha Juni. Ukisaini fomu hii ya kuwaruhusu wachukue kipande, nabaki kazini.

Binti yako,
Justa

Lalago, 25 Machi 2025

Justa mwanangu, tu wazima, ila mama yako goti linamsumbua. Nilicheka sana, kisha nikaacha kucheka.

Kipande changu kikikua, si ni ndama wangu? Mboje analea jike langu mwaka wa tisa huu, ndiyo kubilisa kwetu. Maziwa anakunywa yeye, samadi anatia kwenye pamba yake, lakini ndama ni wangu, na kila akizaliwa ananiletea habari. Hao mabosi wakileta nyama yao mpaka huku, dume langu litanunuliwa na nani mnadani? Fomu haisemi lolote. Nimesaini, ila chini ya jina langu nimeandika: "Kitakachozaliwa ni cha Luhaga."

Baba yako

Uholanzi, 28 Aprili 2025

Shikamoo baba. Mpe mama pole ya goti.

Mwanasheria alisoma sentensi yako kwa sauti, wakacheka wote. Nami nikacheka. Wamenipa fomu nyingine, usaini bila kuongeza neno. Nakuomba, baba.

Justa wako

Uholanzi, 26 Mei 2025

Shikamoo baba. Mko salama? Hujajibu, na sikulaumu.

Tangu nilipocheka na wale watu sina raha. Leo nimewaambia sentensi yako ni ya haki, na fomu nyingine haitakuja. Wamesema basi, mkataba wangu hautaongezwa. Usisaini chochote. Narudi nyumbani mwisho wa Juni.

Binti yako,
Justa

Lalago, 27 Mei 2025

Mwanangu, hujambo? Huku mvua imekata, mama yako anatembea vizuri.

Nimechelewa kujibu barua yako ya Aprili kwa sababu nilikuwa na hasira. Imekwisha. Ng'ombe ninao wengi, binti ninaye mmoja, na sitaki ukose kazi ugenini kwa ajili ya ubishi wangu. Nimesaini safi, sikuongeza neno. Fomu naipeleka mwenyewe posta ya Maswa kwa baiskeli, pamoja na barua hii.

Wape, ubaki kazini.

Baba yako