Vyura wa Hasna

Jumatatu, 8 Juni 1998
Nilitoka asubuhi kwenda soko la Shisanhang kununua mashati ya kupeleka Dar. Nimerudi na vyura watatu kwenye mfuko wa plastiki. Wazima! Ni wa Hasna, binti wa dada yangu, anayesomea udaktari hapa Guangzhou. Alhamisi ana mtihani wa vitendo: moyo wa chura, uliokwisha kutolewa, audundishe, kisha ukikazwa aulegeze. Mara ya kwanza aliangukia hapo pa kulegeza. Akianguka tena ufadhili unakatwa — ndege, Unguja, kwisha.

Kwenye ngazi nikakutana na Tom, Mkenya wa chumba cha jirani. Akachungulia mfuko. “Mzee, kwani biashara imekuwa mbaya hivyo?”

Jumanne, 9 Juni
Mazoezi, chuoni. Hasna kushika kisu tu, mimi huyo: bismillahi! Mazoea.

“Mjomba, hatumli!”

Moyo kama punje ya harage, peke yake kwenye kibakuli cha maji ya chumvi — na unadunda! Bila chura! Miaka yote hii ninao wangu kifuani, sijawahi kuuliza unafanyaje.

Hasna kanieleza. Moyo ni seli nyingi, na ndani ya kila seli mna nyuzi zinazoingiana kama vidole vya mikono miwili. Kalsiamu ikiingia, nyuzi zinavutana, seli inajikunja. Ikitolewa, zinaachiana.

“Na kulegea nako kunataka nguvu, Mjomba. Kalsiamu haitoki bure, inasukumwa.”

Kumbe! Basi nikijinyoosha baada ya pilau niko kazini. Mke wangu lazima aipate habari hii.

“Hiyo sayansi yako mwenyewe,” kasema Hasna.

Jumatano, 10 Juni
Nimeharibu.

Hasna alianza na maji yasiyo na kalsiamu. Moyo ukasimama, laini, umelala. Akatia matone ya kalsiamu — ukaamka! Akatoka kidogo kufuata maji mengine. Mimi mfanyabiashara, nikiona kitu kinakwenda nakiongezea mtaji. Nikatia tone. Na jingine. Moyo ukajikunja, mgumu kama kokwa, ukagoma.

Aliporudi akauosha, akauosha. Wapi! Chura wa mwisho huyo; wawili walikwisha jana. Hakunigombeza, na hilo ndilo baya zaidi. Kasema tu moyo ukishakazana sana hauoshwi kwa pupa.

Alhamisi, 11 Juni
Naandikia gotini, kwenye benchi nje ya chumba cha mtihani. Mlango wameuacha wazi kwa joto. Mwalimu, mama mwembamba, ametia matone ya kalsiamu mwenyewe mpaka moyo umejikunja. Sasa amesimama, mikono nyuma.

Hasna anaosha. Polepole. Anamwaga, anatia mengine.

Hakuna kitu.

Mwalimu ametazama saa.

Anaosha tena. Bora nina kalamu, la sivyo ningeshaingia.

Ameacha! Kwa nini ameacha? Osha, mwanangu!

Hapana — ameinama. Na mwalimu naye ameinama, kidole chake kinagonga meza taratibu, kama kinafuata mdundo. Vichwa viwili juu ya kibakuli kimoja, vinakaribia kugongana, na saa hakuna anayeitazama tena —