Chombo Kinachogeukia Kushoto

Kaka yangu mpendwa,

Pokea shikamoo, pamoja na zile zote nilizokulimbikizia tangu tulipoonana mara ya mwisho. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo haukusumbui tena kwa kuinama, na macho unayalinda na cheche za kuchomelea. Mimi sijambo. Mama hajambo, sasa anatembea mpaka dukani na kurudi bila kupumzika njiani, na amenituma nikuulize kama unakula au unashindia chai. Baba naye hajambo. Habari zake nitazifikia. Tafadhali usiikunje barua kabla hujafika hapo.

Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu simu zangu hupokei, na ujumbe unaujibu kwa "salama" tu. Miaka sita hujakanyaga nyumbani. Ninachotaka ni urudi, nakwambia mapema ili usije ukadhani nakuzungusha. Lakini siwezi kukuomba hilo kabla sijakueleza kilichonipata kazini, na chenyewe kinahusu chombo cha adui katika mchezo wa kompyuta. Usicheke kwanza.

Unajua niko kwenye kampuni ndogo ya kutengeneza michezo. Tuko watu tisa kwenye ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, na harufu ya rangi tumeizoea hadi hatuisikii. Mchezo wetu ni wa vita vya angani: unaendesha chombo chako katikati ya miamba inayoelea na kupigana na maadui wa kila aina. Hao maadui ndio kazi yangu. Mchoraji anawapa sura, mimi nawapa tabia: nani akimbie, nani akung'ang'anie, nani akuvizie. Nimekwisha kutengeneza kumi na wanne, na huyo wa kumi na nne ndiye aliyeniletea balaa.

Ni chombo kidogo, wala silaha zake si kali. Kinakaa nyuma ya mkia wako. Ukigeuka, nacho kinageuka. Ukipunguza mwendo ili kikupite, nacho kinapunguza. Ukibahatika kukipiga mpaka ngao yake ikabaki robo, kinatimua mbio usizoziweza, kinajificha nyuma ya mwamba, kinajitengeneza, kisha kinarudi kizima kana kwamba hamjawahi kukutana. Kazini walimbatiza jina la Shemeji, kwa sababu anakuja wakati huna nafasi naye, na kazi ikianza haonekani.

Kabla mchezo haujatoka tunaalika watu wa nje waje kuujaribu. Mgeni anakaa peke yake kwenye chumba kidogo chenye kiti na skrini, sisi tunakaa nyuma ya kioo ambacho yeye hawezi kutuona, na kuna sheria moja: mtengenezaji hasemi neno. Hata mtu akipotea, hata akikutukana, unanyamaza na kuandika anachosema. Basi, kaka, daftari langu lilijaa. Muuguzi mmoja alimwita Shemeji kupe. Mwalimu wa hesabu, mtu mpole mwenye miwani, alitumia maneno ambayo sidhani wanafunzi wake wanajua kama anayajua. Dereva wa teksi aliweka rimoti chini taratibu akasema afadhali foleni, maana foleni haikufuati nyuma. Kati ya watu kumi na wawili, tisa waliacha kucheza hapo hapo.

Meneja wetu, ambaye tunamwita Ratiba na yeye anajua, aliniita akaniambia nina mpaka Ijumaa. Ama mgeni mmoja ampige Shemeji kihalali, ama Shemeji afutwe. Nilikasirika kuliko ilivyostahili. Nilimjibu kwamba watu hawajui kucheza, kwamba mimi nampiga kila siku. Na ilikuwa kweli. Nilipokuwa nampimia nguvu nilicheza naye mwenyewe zaidi ya mara mia, na kila mara nilimmaliza ndani ya dakika moja na nusu. Nikaona ni mwepesi, hata nikamwongezea kasi.

Mchoraji ni mama wa makamo asiye na haraka na mtu. Jumatatu alivuta kiti nyuma yangu akaniomba nimpige Shemeji mbele yake. Nikampiga. Akarudisha picha nyuma, akaiendesha polepole, akaweka kidole kwenye skrini. Aliniuliza kwa nini nilirusha kombora pale, ubavuni mwa mwamba, wakati hapakuwa na kitu. Nikamwambia si ndiko anakotokea. Akaniuliza nimejuaje, maana bado hajaonekana. Nikasema kila mtu anajua.

Akasema, "Kila mtu nani, mwanangu?"

Nilikwenda chooni nikajifungia, nikakaa nimeshika kichwa mpaka mtu akagonga. Kila mtu alikuwa wewe.

Unaikumbuka ile kompyuta ya sebuleni, na kibodi moja tuliyokuwa tukibanana juu yake mabega kwa mabega? Uliniachia upande wa herufi, ukachukua upande wa mishale, ambako kitufe cha kulia kilikuwa kinakwama. Kwa hiyo ulikuwa unageukia kushoto tu. Katika mchezo wetu ule wa vyombo vya angani ulikimbilia nyuma ya mwamba, ukajitengeneza, ukatokea kushoto, na mimi nikajifunza kukungoja huko. Miaka kumi na sita baadaye nimetengeneza adui anayeweza kugeuka popote apendapo, nami nikamfanya ageukie kushoto kwa sababu ya kitufe kibovu. Wala sikujua kama ninakunakili.

Mchana huo nilifungua maagizo ya Shemeji nikayasoma mstari kwa mstari, kama vile yameandikwa na mtu mwingine. Humo nikakuta kitu kingine. Chombo cha mchezaji kikibakiwa na chini ya sehemu moja ya kumi ya uhai wake, Shemeji aache kupiga. Azunguke tu. Hili ndilo lililokuwa likiwatia watu wazimu: hawafi, hawashindi, wanajiona wanachezewa. Niliwahi kuliandika bila kulifikiria, kana kwamba ni tabia ya kila adui. Lakini hakuna adui wa namna hiyo, kaka. Nilijaribu kukumbuka hata mchana mmoja ulionimaliza, na sikuupata.

Nikampigia Mama. Nilimwuliza juu ya mwaka ule wa michezo yetu, aliolala chumba cha pili, muuguzi alipokuwa anakuja kila siku saa tisa kumsafisha kidonda. Akanieleza kwamba yeye ndiye aliyekuomba unishughulishe ili nisimsikie akilia. Alikuwa anasikia milio yetu kupitia ukutani, na maadamu inalia alijua simsikii, kwa hiyo hakujizuia sana.

"Nilikuwa namwomba Mungu msimalize," alisema.

Sikulifuta lile agizo. Nilichofanya ni kumpa Shemeji ishara. Akitaka kutokea, mwanga wa taa yake unatangulia kidogo kwenye ukingo wa mwamba, ili mwenye macho ajifunze. Na akiacha kupiga, anashusha mitutu yake chini, uone kwamba ameamua, si kwamba anakudhihaki. Kasi niliyomwongezea nikaipunguza. Sikugusa kitu kingine. Ijumaa alikuja fundi cherehani ambaye hakuwahi kucheza mchezo wowote maishani. Mara nne alijigonga kwenye miamba akaanza upya. Mara ya tano Shemeji aliposhusha mitutu, yule mama alicheka akasema kumbe ana utu, mshenzi huyu. Akangoja ngao yake ijijaze, akamvizia kushoto mwa mwamba, akamlipua bila aibu. Ratiba akatia sahihi. Mchoraji alinikumbatia, na mimi nililia kuliko ilivyostahili, wenzangu wakadhani ni uchovu.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu, maana hayo yote nimeyatanguliza kwa woga.

Siku matokeo yako yalipotoka, Baba alirudi kutoka karakana ya mabasi, akapeleka mkono nyuma ya kompyuta kama alivyozoea, akakuta ni ya moto. Karatasi ya matokeo alikuwa ameishika mkono wa pili. Akauliza nani anayeiwasha kila siku. Kaka, aliyekuwa akiiwasha ni mimi. Nilikuwa nakimbia kutoka shule, naiwasha kabla sijavua viatu, nakuvuta shati utoke kwenye vitabu vyako. Muuguzi alikuwa akimaliza kazi yake kwa nusu saa. Saa zilizobaki mpaka jioni nilikuwa nakudai mimi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango na nilisikia swali. Ukasema ni wewe. Wiki ile ile Baba akakupeleka kwa mjomba ukajifunze kuchomelea, na kurudia mtihani hakukuzungumzwa tena.

Nilikuwa na miaka tisa, hilo naweza kujisamehe. Lakini miaka sita iliyopita, Baba aliposema mezani mbele ya wageni kwamba huyu ndiye aliyebadilisha shule yake kwa michezo, nilikuwa na kumi na tisa. Nilikuwa nimekaa kando yako. Wageni wenyewe walikuja kunipongeza mimi kwa kupata nafasi chuoni, kusomea kompyuta. Nilijua kila kitu, na nilitazama sahani yangu. Ukainuka ukaondoka bila kupandisha sauti. Tangu siku hiyo, watu wakiniuliza habari zako, nimekuwa nikiwajibu kwamba kaka yangu ana tabia ya kukimbia. Nimelisema mara nyingi, hata kwa watu ambao hawakuuliza sana.

Jumapili nilikwenda nyumbani nikamwambia Baba yote, kidonda, kitufe, mlango na sahani. Alimgeukia Mama akamwuliza kama alijua. Mama akasema alijua tulikuwa tunacheza, maana alituomba. Lakini swali uliloulizwa na jibu ulilotoa hakuvijua, wiki zile dawa zilikuwa zinamlaza mchana kutwa, na baadaye aliambiwa tu kwamba umependa ufundi. Baba akatoka nje. Alichukua ufagio akaanza kufagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiwa.

Jumanne alikuja kazini kwangu. Alivaa lile shati lake la sare, ingawa amestaafu, limepigwa pasi hadi mikono inasimama yenyewe. Wenzangu walidhani ni mkaguzi. Akaniambia anataka kumwona huyo adui. Nikamwingiza kwenye chumba, nikampa rimoti, nikamwonyesha vibonye viwili, nikarudi nyuma ya kioo.

Baba hajui kucheza, kaka. Alikuwa anarusha makombora kama mtu anayemwagilia bustani. Alijigonga kwenye miamba, akaiomba radhi. Shemeji alimfuata taratibu na kumchubua kidogo kidogo, mpaka uhai ukabaki kile kipande chembamba chekundu. Kisha akashusha mitutu, akaanza kumzunguka. Baba alikaza mabega akingoja kupigwa. Hakupigwa. Akaangalia kile kipande chekundu, akaangalia chombo, akaacha kubonyeza. Akageuka kwenye kioo ambacho hawezi kuniona.

"Mbona hanimalizi?"

Sheria inataka ninyamaze, na mimi nimekwisha kunyamaza vya kutosha. Nikawasha kipaza sauti. "Ndivyo alivyo, Baba. Hata mimi hakuwahi kunimaliza."

Alikaa pale karibu saa nzima. Ratiba alichungulia mara mbili, akaona sura yangu, akaenda zake. Ngao ya Baba ilijijaza, na Shemeji alirudi nyuma ya mkia wake, lakini Baba hakumpiga. Alikuwa anamtazama tu. Alipotoka aliniomba anwani yako. Nikamwambia niko tayari kumwandikia, anitajie tu la kusema. Akakataa. Akasema hili ataliandika mwenyewe.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Njoo ana kwa ana, unisamehe au unigombeze, vyote nitavipokea, na nitayarudia haya mbele ya mtu yeyote utakayemtaja. Ukitaka kukaa siku moja, kaa siku moja. Chumba chako Mama amekifungua madirisha.

Anakusalimu sana, na anasema chai si chakula. Mchoraji naye anakusalimu. Hakujui, lakini anasema mwendo wako ameshauchora. Nisalimie mafundi wenzako wote. Na siku ukipokea bahasha nyingine yenye mwandiko uliosimama wima kama wa kwenye daftari la zamu za mabasi, usiiogope na usiishangae kwa kuchelewa. Leo ni siku ya tatu ameketi mezani. Nimefika nyumbani, na nilipopita nyuma yake nilichungulia: ameandika "Mwanangu," akaweka mkato, na bado kalamu iko mkononi.

Ni mimi, mdogo wako uliyemwachia upande mzima wa kibodi.