Sahani Imerudi Tupu

Jumapili, 17 Oktoba 2004

Boston wamepigwa kumi na tisa kwa nane! Mechi tatu na New York, wamefungwa zote tatu. Nami nimeamka kabla ya daku kwa ajili ya aibu hii. Nilikwenda kusoma kule, nikarudi na shahada na ugonjwa wa besiboli.

Jana nilimpelekea futari mama mdogo Muhsina, mtaa huu huu. Sambusa, tambi, na kitabu changu juu yake, nimekifunga utepe. Hadithi zangu mwenyewe, jina langu kwenye jalada. Leo sahani imerudi. Imeoshwa, imekaushwa — tupu! Hata kokwa ya tende hakuna. Kwetu sahani hairudi tupu, hata kama watu wamenuniana. Na Muhsina ndiye aliyenifundisha hayo.

Kuna jambo.

Jumatatu, 18 Oktoba

Wameshinda! Mechi imekwenda mpaka saa tatu asubuhi, kazini nimechelewa. Mama alikaa nami baada ya kusali Alfajiri, tasbihi mkononi. Akauliza yule kijana wa kituo cha tatu anangoja nini. Nikamwambia anangoja mwenzake apige mpira, naye apate kukimbia mpaka nyumbani, pale alipoanzia. Mwenzake akakosa. Zamu ikaisha, kijana akaachwa pale pale.

"Masikini," akasema Mama. "Karibu afike." Akainuka, akaenda chumbani kwake.

Kitabu changu amekimaliza tangu wiki iliyopita. Hajasema neno.

Jioni nimemkuta mdogo wangu Manal kwenye simu. Aliponiona akaziba mdomo kwa mkono, kama wale wachezaji wanaonong'onezana nyuma ya glavu. Anangoja cheo wizarani. Labda hataki dada mtu achokoe kitabuni mambo ya Mapinduzi ya Unguja.

Jumanne, 19 Oktoba

Boston wameshinda tena, wala sikufurahi. Nimepita Ruwi, kwenye duka linaloniuzia vitabu. Salem mwenye duka meno nje: vimekwisha vyote! Kavinunua bibi mmoja, kwa mkupuo. Miwani mikubwa, gari jeupe. Manal!

Wakati wa kufuturu nikamuuliza vya nini. Eti zawadi za Idi. Hakuniangalia usoni. Kisha polepole: "Da Nunu, Alkhamisi ukiwasomea wageni kwa Sayyida, soma ile ya harusi. Watu wacheke."

Kumbe ni ile! Hawataki nisome "Kiatu Kimoja". Ndani yake mama mmoja anaikimbia Unguja mwaka sitini na nne, bintiye ana homa, anamwacha kwa jirani. Anachukua kiatu kimoja, aje kumvisha watakapoonana. Mtoto anakufa akingoja. Basi. Nimeibuni mwanzo mpaka mwisho, sisi tulipotoka huko hatukuacha mtu. Ndiyo hadithi pekee niliyoiandika nikilia.

Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatano, 20 Oktoba

Tatu kwa tatu sasa. Sayyida kapiga simu kutoka kwake Hail. Je, tuahirishe usomaji? Eti wageni wengine wana mafua. Mafua ya nani? Nimemwambia nakuja. Na nitaisoma ile ile!

Alkhamisi, 21 Oktoba

Asubuhi. Boston wamewatoa New York! Kutoka tatu bila — haijapata kutokea. Nimelia peke yangu. Mama hakuja kukaa nami.

Usiku, baada ya Isha. Nimeshavaa, kitabu ki mkobani, Manal yuko nje na gari. Mama kaingia, kakaa kitandani kwangu. Ana leso ya mkononi, imefungwa fundo. Kaifungua.

Kiatu. Cha ngozi, cha mtoto, mguu wa kushoto.

Nakijua! Nilikiona sandukuni mwake nilipokuwa mdogo, akanipiga kofi mkononi, nikasahau. Nilipokiandika nikadhani nimekibuni mwenyewe.

"Mama, wallahi sikuambiwa na mtu."

"Najua. Miye nilomkataza Muhsina asikurudishie kitu wala neno. Sayyida pia nilimwomba aahirishe. Manal nilimtuma miye." Sauti yake kavu. "Nenda kasome, Nunu. Sikukatazi tena. Lakini mwisho umeukosea."

"Nimeukosea vipi?"

"Mwanangu yule hajafa. Yuko Unguja, ana watoto wake. Vipi unamzulia mauti mtu yu hai, tena mwezi huu?"

Nimeshikwa na hasira, na huruma, na aibu, vyote pamoja. Nimemtilia shaka Manal wiki nzima. Mama sikumtilia shaka hata siku moja.

Manal anapiga honi. Nimekuja mezani, naandika haya nimesimama, kwa sababu sijui mikono niifanyie nini. Kule Hail wamekwishakaa wanangoja. Honi tena. Mama hajaondoka. Kiatu kakiweka mapajani, ananitazama, anangoja nimuulize jina.