Uzito Juu ya Ambwene

Jumatatu, 3 Juni
Banda la kupimia majani ya chai tangu asubuhi. Ukungu. Nimekosea kusoma mzani mara tatu, akina mama wakanizomea. Akili haipo. Asajile, kaka yake marehemu Ambwene, kapita na pikapu ya saruji kutoka Tukuyu. Jumamosi wanajengea kaburi. Zege, juu yake marumaru. Kanipungia mkono, nami nikampungia. Mnafiki mkubwa mimi.

Jumanne, 4 Juni
Situlii. Nimeanza kupalilia viazi, nimeacha katikati. Nimeanza kutengeneza baiskeli, nimeacha.

Ambwene alikuwa mhandisi wa ndege ng'ambo, alibuni mabawa. Kata yetu nzima ya Kinyala inajidai naye. Mimi namkumbuka ana miaka tisa, kaning'iniza ndege yake ya maganda ya mgomba kwenye mzani wa chai, baba yangu akiwa karani wa banda hili hili. Mshale haukusogea. Akaruka kwa furaha, eti ndege haina uzito! Mzani wa magunia, utapima ganda? Nilimcheka wiki nzima.

Alhamisi, 6 Juni
Niandike, labda nitapumua. Mwaka jana alinipigia simu akiwa kitandani hospitalini. Akasema, "Usikubali wanimwagie zege. Maisha yangu yote nimepunguza gramu, leo nibebeshwe tani? Nipandie mgomba tu."

Nikamwambia acha uchuro. Nikageuzia mazungumzo kwenye mpira. Rafiki yangu alitaka kuongelea kifo chake, mimi nikamwongelesha mabao. Baada ya wiki mbili alikufa. Hakuna mwingine aliyesikia maneno yale.

Ijumaa, 7 Juni
Kikao cha ukoo. Asajile kasema kaburi la mtu mkubwa lisifanane na tuta la viazi. Wote wakaitikia. Nikasimama niseme. Nikasifia rangi ya marumaru. Nikakaa.

Mwoga. Najichukia.

Jumamosi, 8 Juni
Nimefika mafundi wameshachanganya zege. Toroli la kwanza linakuja. Nikapanda juu ya kaburi, na viatu vyangu vya matope. Aibu gani hii, lakini miguu ilikuwa imeshatangulia.

Asajile alinifokea. Nikasema yote, hata ule upuuzi wangu wa mpira. Asajile akasema, "Mwaka mzima ulikuwa wapi? Leo ndiyo umekumbuka?" Kweli nilikuwa wapi?

Mama yao alikuwa ameketi kwenye mkeka. Akanyanyuka taratibu. "Asajile, mwache. Huyu na mwanangu walikula chungu kimoja kabla hawajavaa viatu. Na maneno hayo ni ya Ambwene. Hata mimi alinikataza kujaza kikapu cha chai, eti kizito." Kisha akawaelekeza mafundi jikoni kwake, ambako sakafu ni ya udongo. Zege likaishia huko. Asajile kaondoka bila kuniaga. Ana haki.

Mama akanishika mkono. "Ndaga, mwanangu." Asante hiyo ilinichoma kuliko matusi.

Jumapili, 9 Juni
Baada ya ibada nimeng'oa chipukizi la mgomba nyuma ya nyumba. Nimepitia bandani, hakuna mtu. Nikalining'iniza kwenye mzani. Mshale umesogea kidogo.

Nikakung'uta udongo wa mizizini. Nikapunguza majani mawili. Mshale ukarudi nyuma.

Nimelipanda kaburini kwake. Mvua inanyesha, ya rasharasha.