Hamsini na Nane

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mapenzi, wewe, shemeji na watoto. Natumaini mgongo wako umepoa, na kwamba umeacha kubeba ndoo kwa mkono mmoja kama nilivyokukataza. Mimi ni mzima. Niwie radhi kwa kukaa kimya miezi minne. Barua zako tatu zilifika. Sina kisingizio cha kazi, nilikosa ujasiri.

Umeuliza mara zote tatu kwa nini mwanao hakuja likizo. Yumo katika chumba cha wagonjwa hapa shuleni. Usishtuke, anakula, na jana alimtania muuguzi kwamba uji wake una mwendo wa kobe. Mfupa wa muundi wa mguu wa kulia umepata ufa. Daktari anasema utaunga baada ya wiki nane, mradi asikimbie.

Unakumbuka alivyoingia katika darasa la wanamichezo. Wasichana walikimbia mita mia nne kwa makundi, wakachaguliwa wanane wenye muda bora kuliko wote. Mwanao aliongoza kundi lake kwa muda wa sekunde hamsini na nane. Wenzake wakampa jina hilohilo, Hamsini na Nane, nawe ukaniandikia kwamba nyumbani mlimwita hivyo mpaka mbavu zikawauma kwa kucheka.

Tangu siku hiyo hajashuka chini ya sitini. Kocha, mtu mwema ambaye mdomo wake hauna breki, alimuuliza mbele ya wote kama siku ya majaribio aliazima miguu, na sasa mwenyewe amekuja kuichukua. Wasichana wakaendelea kumwita jina lilelile, ila kwa sauti nyingine. Mimi, msimamizi wa masomo ya darasa hilo, niliwasikia, nikawakemea kwa sababu ya kelele zao tu. Kumbe mwanao alikuwa akiamka kabla ya kengele na kuuzunguka uwanja mara sita peke yake, muundi ukimuuma, akiutafuta muda ule. Muuguzi ndiye aliyemwona akichechemea kwenye ngazi.

Jumapili nilikwenda kumtazama. Aliniomba nimweleze alikimbiaje siku ile, kwa kuwa kila msichana alikuwa na mpima muda wake, mimi ndiye niliyempima yeye, na mjomba wake hakosei, ili akipona arudie vilevile.

Mdogo wangu, hakukimbia kwa muda ule. Mpima muda hatakiwi kuondoa macho kwenye bendera ya mwanzishaji. Bendera iliposhuka, mimi nilikuwa nimegeuka nyuma, namkaripia msichana aliyeikalia kamba ya uwanja, namfundisha maana ya kuwa makini. Nilipogeuka tena, walikuwa wameshaondoka. Ndipo nikabonyeza saa. Nilijua papo hapo. Ningeinua mkono, mbio zingerudiwa. Lakini yule msichana wa kambani alikuwa ananitazama, nikaona haya, nikanyamaza. Kisha mwanao akaja kunikumbatia huku akihema, nami nikaiandika nambari ile kwa mwandiko wangu mzuri.

Aliyeachwa, wa tisa, ni binti wa fundi viatu wa langoni. Baba yake ndiye anayeshona viatu vya mazoezi vya mwanao. Kila asubuhi huweka sindano chini, husimama, na kuniamkia shikamoo mwalimu. Mwaka mzima nimeiitikia.

Jumapili ile nililikwepa ombi la mwanao. Nilimwambia apumzike, nikamnyooshea shuka.

Leo nimemkabidhi mwalimu mkuu maelezo yangu kwa maandishi. Bodi itakaa Alhamisi. Huenda mwanao akapoteza nafasi yake, nami yangu. Kesho, baada ya vipindi, nitakwenda kumwambia mwenyewe. Nakuomba usinitangulie kwa simu, ingawa una haki ya kutonisikiliza. Nataka asikie kutoka kwangu kwamba hakuazima miguu ya mtu, na kwamba tangu siku ile hajapunguza mwendo hata kidogo.

Mpe shemeji salamu zangu, kama baada ya kusoma haya atazipokea. Bodi ikishaamua, nitakuandikia siku hiyohiyo, wala hutangoja miezi minne.

Ni mimi,
Kaka yako