Watu Watatu, Kikombe Kimoja cha Uji

Shangazi Dolphine, nakusalimu kutoka Ntimaru, naomba unisaidie kabla uji haujavunja nyumba yangu. Nina binti wa miaka sita, Nyatichi, ana usonji, hasemi, na chakula chake ni vitu vitatu tu, ndizi, maziwa na uji wa wimbi kwenye kikombe chake cha kijani, ukimpa kikombe kingine hata hakiangalii. Mwezi uliopita kliniki walimpima wakasema madini ya chuma yamepungua na vitamini D iko chini, wakanipa dawa ya maji, kijiko kimoja kwa siku, na kwa vile anaitema nikawa namtilia kwenye uji kimyakimya, sikumwambia mtu kwa sababu mama mkwe husema dawa za hospitali ni za wagonjwa na mtoto wetu si mgonjwa. Basi Sabato iliyopita tumetoka kanisani naingia jikoni, namkuta mama mkwe anakoroga unga wa omena, wale dagaa wa ziwani, ndani ya kikombe kile kile, amechanganya na vitamini za rafiki yake wa kwaya, na nyuma yangu anaingia mume wangu Motari, mkono mmoja mgongoni, kumbe ameshika vidonge vya chuma alivyosaga, muuzaji wa sokoni alimwambia vitamfanya mtoto aongee. Mama mkwe akasema, “Kumbe si mimi peke yangu!” Motari naye, “Mimi nilikuwa naongezea tu kidogo.” Ningecheka, Shangazi, lakini Nyatichi alikuwa ametapika mara mbili wiki hiyo. Leo ni siku ya nne anakisukuma kikombe, uji hataki hata kuunusa. Kliniki ni Jumanne na naona aibu kumweleza daktari. Je, nifiche dawa kwenye ndizi?

Mama Nyatichi

Mama Nyatichi,

Nimecheka, unisamehe, halafu nikaacha nilipofika kwenye kutapika.

Ndizi usiiguse! Uji mmeshaupoteza, ukipoteza na ndizi atabaki na maziwa peke yake. Na Jumanne usiingoje. Chuma kikizidi mwilini mwa mtoto ni sumu, kwa hiyo ukimaliza kusoma hapa vaa viatu, mchukue Nyatichi, tia kila chupa, kopo na kidonge kwenye mfuko mmoja, ukavimwage mezani kwa daktari. Aibu iache nyumbani na masufuria. Mficha uchi hazai.

Motari na mama yake nao wasikie. Watoto wengi wenye usonji huchagua chakula, ndiyo maana wengine wakipimwa hukutwa na upungufu, na upungufu hutibiwa kwa kipimo cha daktari. Hakuna vitamini inayomfanya mtoto aongee. Anayewaambia hivyo ana vidonge vya kuuza. Bibi namwelewa, anampenda mjukuu wake, na omena ni chakula kizuri. Aiweke kwenye sahani pembeni, mtoto aione, aiguse akitaka. Dawa ishikwe na mtu mmoja, na muulize daktari kama kuna nyingine yenye ladha atakayoivumilia.

Daktari akishamaliza naye, pika uji mtupu, umimine kwenye kikombe cha kijani Nyatichi akiangalia. Onja wewe, kisha Motari, kisha bibi. Mmekuwa mkilia kwamba hasemi, na siku nne nzima amewaambia jambo moja kwa mkono wake. Akikataa tena msimlazimishe. Ni nyinyi mlioficha, basi ni nyinyi wa kusubiri.